Nilimwita Dagaa Mdudu

Nakiri kosa langu, ila jina naomba libaki kwangu, maana huku Kigoma nimechekwa vya kutosha.

Mimi ni mjuaji. Maradhi hayo yalinipata siku niliponunua kilenzi cha kubana kwenye simu, kile kinachomfanya sisimizi aonekane mkubwa kama ng'ombe. Nikaanza kutambua wadudu kwenye grupu la mtaa wetu, Mwandiga. Mtu akituma picha ya kidudu, nilijibu kabla hajarudisha simu mfukoni. Mara nyingi nilikuwa nabahatisha tu. Watu wakaniita Daktari, nami nikaitika.

Ijumaa moja nilimwazima kilenzi hicho mchumba wangu, nitamwita Rehema. Mama yake anauza dagaa Kibirizi, na barua yangu ya posa alikuwa nayo baba yangu mdogo, aipeleke kwao Jumapili. Jumamosi asubuhi Rehema akatuma picha kwenye grupu: "Daktari, huyu nani? Nimemkuta kwenye kichanja cha mama."

Jamani, ile picha! Jicho la duara limejaa kioo kizima cha simu, linameta kama sufuria mpya, na chini yake mdomo umebinuka kama wa mtu aliyenuna. Nikaona hapa ndipo pa kumwonyesha mama mkwe kwamba anapata mkwe msomi. Nikaandika: "Huyo ni buu hatari, anaingia hadi tumboni. Msinunue dagaa wa kichanja hicho mpaka nifike."

Nilifika na bomba la kupulizia dawa mgongoni na barakoa usoni. Ujumbe ulishasambaa. Wateja wa mama mkwe walikuwa wamehamia vichanja vya jirani, hata wale wa Kidahwe wanaochukua magunia kila wiki. Yeye alisimama peke yake, mikono kiunoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mdudu yuko wapi?"

Nikapekua kichanja kizima, jasho linanitiririka ndani ya barakoa. Rehema, ambaye tangu atume picha alikuwa anageuza dagaa bila kushika simu tena, akaja, akaokota dagaa mmoja na kunisogezea puani.

"Nilipiga picha kichwa cha huyu. Nilikuwa nakutania."

Lile jicho. Ule mdomo.

"Mwana wanje, mwanangu," mama mkwe akasema taratibu, "umezaliwa wapi?"

"Hapa hapa Kigoma, mama."

"Na kwenu mnakula nini?"

Wachuuzi walicheka mpaka wakakaa mchangani. Mimi nilitamani ziwa linimeze.

Jumapili baba mdogo alirudi na barua haijafunguliwa. Mama mkwe kauliza, mtu aliyekula dagaa miaka thelathini bila kumjua, binti yake atamjuaje? Niliumia kwelikweli, maana mama wa watu alikuwa amepoteza biashara ya siku nzima kwa mdomo wangu.

Tangu hapo kila Jumamosi niko Kibirizi, nageuza dagaa wake juani bila kuitwa. Nawaomba wajuaji wenzangu: ukitumiwa picha usiyoielewa, sema huielewi. Hutakufa.

Jumamosi iliyopita mama alinionyesha kitu cheusi kinachotambaa pembeni ya kichanja. "Daktari, huyu mdudu gani?"

Nikainama, nikamtazama, ulimi unaniwasha.

"Sijui, mama."

Aligeuza dagaa mstari mzima kabla ya kunijibu. "Mwambie baba yako mdogo ailete ile barua."