Taa ya Kaburi la Shangazi Genowefa

Bogumił Wrzosek alikuwa bahili wa umeme. Fedha alitoa, chakula aligawa, lakini umeme, hata ule kiduchu wa kwenye betri, ulimtoa roho ukipotea. Katika kiwanda kimoja mjini Tarnobrzeg alibuni saketi za taa za makaburini, zile zinazowashwa Siku ya Watakatifu Wote. Mazoea ya kazi yakamwingia mwilini: alinong'ona badala ya kusema, na asipokuwa na shughuli alisinzia papo hapo alipo. Mwanamke mmoja aliyetaka kuolewa naye alikata tamaa, maana kila neno alilazimika kulisema mara mbili, la kwanza la kumwamsha.

Ndugu yake pekee alikuwa shangazi yake Genowefa, mzima kabisa, ambaye kaburi lake lilikuwa tayari. Jiwe lilishachongwa jina na mwaka wa kuzaliwa, ikabaki nafasi ya mwaka ule mwingine. Kila Jumapili baada ya misa alikwenda kulisugua na kujiwekea maua.

"Mwanangu," alimwambia Bogumił, "mimi sina mtoto. Ukishanizika utarudi kwenye nyaya zako. Nitengenezee taa ya kuwaka mwaka mzima bila kuzimika. Sitaki Kazimiera wa kaburi la jirani anicheke niko gizani."

"Kazimiera si alishakufa, Shangazi?"

"Kwani kufa kumemfunga mdomo? Humjui yule!"

Bogumił akajifungia na kazi. Aliifanya chipu, ule ubongo mdogo wa saketi, ilale, iwe inashtuka tu kuiwasha balbu na kuizima upesi kiasi kwamba jicho halioni. Betri ikaisha kabla ya Pasaka. Akamsaka mwizi wa umeme kila mahali, mpaka akamkuta: mafuta ya vidole vyake mwenyewe juu ya saketi, umeme ukivujia humo. Akaiosha kwa spiriti ambayo shangazi alikuwa ameiweka ya kutengenezea kilevi cha cheri.

"Umeinywa?" shangazi akauliza, chupa mkononi.

"Nimeoshea saketi."

"Bora ungeinywa, mjinga wewe!"

Taa mpya ikafika kiangazi, ikafa. Bogumił aliumia kama aliyefiwa.

Ndipo akapata wazo. Akaweka springi nyembamba inayotikiswa na hatua za mtu. Mtu akija, taa inaamka, akiondoka, inalala. Alifurahi hadi akaongea kwa sauti, wenzake kiwandani wakadhani anaumwa.

Jumapili akaiweka juu ya jiwe. Shangazi akasogea, taa ikawaka, nyekundu na nzuri. Akarudi nyuma, ikazimika. Akasogea tena, akarudi tena, akicheka peke yake, hadi mjane mmoja aliyekuwa akichota maji ya maua akafanya ishara ya msalaba.

"Itadumu miaka mingapi?"

"Asipokuja mtu, Shangazi, betri haiishi."

"Asipokuja mtu haiwaki?"

"Hata kidogo! Iwake ya nini, na hakuna wa kuiona?"

Genowefa akaitazama taa, kisha jina lake juu ya jiwe.

"Na mimi je, mwanangu? Mimi si nitakuwepo?"

Bogumił aliona aibu sana. Akaing'oa springi kwa kucha, akasokota nyaya mbili pamoja, taa ikawaka moja kwa moja.

"Hiyo itakufa mapema," shangazi akasema.

"Itakufa. Nitakuja kubadilisha betri mwenyewe."