Kidonge cha Kumeza Uchungu Ukianza

Miaka ile ya mwanzo wa elfu mbili, mama mjamzito aliyekutwa na virusi vya Ukimwi alipewa kidonge kimoja aende nacho nyumbani, akimeze uchungu ukianza. Changu nilikipata Kajiado mjini, kwa kuwa kliniki ya Kitengela niliikwepa; nusu ya waliokaa kwenye benchi lake walikuwa majirani zangu. Muuguzi alinieleza mara mbili kwamba kidonge hicho kingeweza kumwokoa mtoto. Nikaitikia kwa kichwa. Kuitikia kwa kichwa ni kati ya mambo niliyofuzu vizuri chuo kikuu.

Shida ni kwamba hiyo ilikuwa mimba yangu ya kwanza. Karatasi zote nilizosoma zilisema uchungu ukija nitaujua.

Aliyeujua alikuwa jikoni kwangu. Mama mkwe, aliyezaa wanane, alikuwa ameshuka kutoka Murang'a kunisubiri, na alikuwa akichambua njahi, maharagwe meusi ya kuniongezea maziwa ambayo mimi sikujua kama mtoto atayanyonya. Habari za virusi hakuambiwa. Mwanawe alijua, na tulikubaliana kunyamaza. Au tulinyamaza tu, nami nikayaita makubaliano.

Asubuhi moja, wiki tatu kabla ya tarehe, tumbo likakaza. Likaachia. Likakaza tena. Nikajifungia chooni na saa, nikahesabu dakika, nikameza. Kufika adhuhuri tumbo limetulia, nami nina njaa.

Kesho yake nilikuwa Kajiado.

"Ulimeza?" muuguzi akauliza.

"Nilimeza."

"Na mtoto ako wapi?"

Nikaonyesha tumbo. Alicheka mpaka akashika meza. "Mama, na si wewe ni mwalimu!" Kisha akanipa kingine. "Usijali, si wewe wa kwanza. Lakini safari hii uliza mtu amezaa."

Nilirudi nikiwa sijui kama kile cha kwanza kilimsaidia mtoto au kilimdhuru. Siku nyingine nilimhofia mpaka nikakosa usingizi; siku nyingine nilisahau kabisa, nikanunua soksi ndogo za njano, na kusahau huko kukanitia aibu kuliko ugonjwa wenyewe.

Tumbo lilipokaza tena, nilienda jikoni.

"Mama, hii ni yenyewe?"

Akaweka kiganja tumboni. "Bado. Hiyo inakucheza. Tembea."

Nikazunguka uani, nikarudi kuuliza, nikazunguka tena.

"Wewe uko na haraka ya nini? Hakuna mtoto alisahauliwa ndani."

Saa nane mchana akaweka kiganja, akainuka. "Sasa ndiyo hii."

Nilitaka kwenda chumbani, uchungu ukanishikia pale pale. Nikafungua mbele yake fundo la leso nilimokuwa nimekificha kidonge.

"Hiyo ni ya nini?"

"Ni ya mtoto."

Aliniangalia, akaangalia kidonge. Akachota maji, akanishikia kikombe mpaka nikamaliza.

Mtoto alipimwa akiwa na mwaka na nusu. Hakuwa na virusi. Nilimpigia mama mkwe simu, na kwa kuwa sikuwa na namna ya kumpa habari hiyo, nikamwambia mtoto ameongeza kilo moja.

"Asante Mungu," akasema, kisha akaangua kilio. Alilia kwa muda mrefu.

"Na nusu," nikamwambia. "Kilo moja na nusu."