Mulima wa Panda

Mvua ikilowesha kile kijiwe cha kijani nilichokiweka dirishani, hutoa harufu ya shaba, na mimi kwa mawazo hurudi Panda, mji wa machimbo nilikokulia.

Huko kwetu, shimo la machimbo tuliliita mulima. Zamani kilikuwa kilima kweli. Kikachimbwa, treni zikakibeba kidogo kidogo mpaka pakabaki shimo. Jina halikubebwa. Kwa hiyo mtu akiingia shimoni tulisema amepanda, na akitoka tulisema ameshuka.

Siku moja mwalimu mgeni alituambia tuchore mji wetu. Nikachora nyumba za kambi, reli, na duara kubwa jeusi. Chini yake nikaandika: mulima.

"Mulima iko wapi hapa?" akauliza, akichanganya na Kifaransa. "Mais, hii ni shimo!"

"Njo mulima, mwalimu," nikamjibu, yaani ndio mlima wenyewe. "Baba yangu alipanda asubuhi."

Wenzangu hawakucheka. Alicheka yeye, akanichorea kilima chenye ncha kwa kalamu nyekundu.

Mvua ilitukuta njiani tukitoka shule. Wanaume walitupita mbio wakielekea mulimani, mabeleshi mabegani, wakipiga kelele kwamba udongo umeporomoka. Nyumbani nilimkuta mama amesimama mlangoni, kitenge kimelowa. Bukari ya baba, ugali wake wa jioni, ilikuwa imefunikwa mezani. Nilimpa mchoro wangu. Aliushika bila kuutazama.

"Mama, baba iko wapi?"

"Hayashuka," akanijibu, yaani bado hajashuka.

Sasa mama amezeeka. Wageni wakimuuliza habari za mume wake, huwajibu kwa neno lile lile.