Ruguru Akataa Kutia Sahihi

Ruguru hajui kutulia. Miaka ishirini na sita amekata vinyama vya wagonjwa vya kupimwa katika maabara yetu hapa Meru, na kiti chake bado kipya. Huchungulia hadubini akiwa amesimama, na sisi wenzake hutuchosha hata kabla ya chai ya saa nne.

Alhamisi moja alishika slaidi za Igoki, mkulima wa viazi kutoka Ruiri. Kwamba uvimbe wa titi lake ni saratani, tulishajua. Kilichobaki ni kujua kama seli zake zina alama za homoni. Zikiwa nazo, dawa ya kupimia huzigeuza kahawia, na mgonjwa huweza kutibiwa kwa tembe. Zikikosa, ni kemo, dawa kali za mshipani zinazopukutisha nywele. Slaidi haikuwa na kahawia hata chembe.

"Ni negative. Weka sahihi, nimeshamwita aanze kemo kesho," akasema Daktari Kirimi, aliyekuwa akimtibu.

"Siweki, daktari."

Akamwonyesha mifereji ya maziwa iliyokuwa kando ya saratani. Hiyo ni mizima, nayo hugeuka kahawia siku zote. Haikuwa imegeuka. Kipimo kizima kilikuwa bure.

Akapigia simu kliniki iliyokitoa kile kinyama. Muuguzi akajibu kwa fahari kwamba alikitia kwenye maji ya dripu, akakiweka friji wikendi nzima kisioze. Kama nyama ya wageni! Na fomalini, dawa ya kuhifadhia vinyama, ilikuwa pale pale rafuni. Nilitaka kumtukana, Ruguru aliniwahi.

Igoki akadungwa sindano upya, akatolewa kinyama kingine. Kirimi alinuna, akasema tunamchelewesha mgonjwa. Siku tano Ruguru alizunguka meza zetu akiogopa, na aliogopa kweli: je, kama ni yeye aliyekosea?

Jumatano slaidi mpya ikatoka kahawia tupu. Kirimi alitazama mara mbili, akaandika tembe. Ruguru akakimbilia benchini alikokaa Igoki.

"Mama Mbae, si kemo! Daktari anakuanzishia tembe."

Igoki akafungua kitambaa polepole. Kichwa kilikuwa upara mtupu.

"Nilinyoa nywele ile siku mliniita nije kemo," akasema. "Niliona heri nizitoe mwenyewe, zisiniangukie kwa mto wa kulalia."

Ruguru alitaka kumwambia zitamea. Badala yake akaangua kilio, ikabidi Igoki ndiye ambembeleze.