Mbuzi Kwenye Faili la Mzee Minko

Dobrinka hamwamini mtu. Simsengenyi, hata yeye mwenyewe atakwambia, tena kwa majivuno. Jibini akinunua sokoni anaipima upya akifika nyumbani. Ukimletea kahawa anakuuliza nani mwingine ameishika. Mimi, Tsanko, mhariri wa picha, nimekaa naye chumba kimoja miaka tisa, na mpaka leo nikienda msalani anafunga droo yake kwa ufunguo. Siku moja aliisahau wazi nikachungulia. Mlikuwa na kalamu mbili na pakiti ya biskuti, basi.

Lakini katika kazi yake ubaya huo ni sifa. Yeye ndiye mtunza hifadhi wa studio yetu ya filamu hapa mjini Plovdiv. Mikanda ilishakwisha zamani. Kamera inaandika kwenye kadi ndogo kuliko kiberiti, na kadi ikishanakiliwa inafutwa, kesho inarudi kazini. Picha isiponakiliwa sawasawa, ndiyo imekwenda hivyo, huipati tena. Kwa hiyo Dobrinka anaweka nakala mbili kwenye diski mbili. Moja inakaa kabatini ofisini, nyingine anakwenda nayo kwake, chini ya nyumba, katikati ya chupa za pilipili alizosindika na pipa la kabichi. Na hakuna mpiga picha anayeruhusiwa kufuta kadi mpaka Dobrinka alibane kasha la kadi hiyo kwa kibanio chekundu cha nguo. Tumemcheka sana kwa vibanio vyake, ila tunavitii.

Mwezi wa pili mwaka huu alifariki Mzee Minko, fundi wa kengele za mifugo huko milimani Rodopi. Tulimpiga picha miaka tisa iliyopita. Kwenye filamu yenyewe anaonekana sekunde arobaini, lakini Stoil, mpiga picha wetu, alimrekodi saa nzima akieleza namna ya kugonga ukingo wa kila kengele mpaka sauti zake zote zipatane, maana mchungaji hanunui kengele moja, ananunua kundi zima la sauti. Binti yake Rumyana ameshika nyundo ya baba. Alitupigia simu akasema, "Naomba hiyo saa nzima. Baba hakuandika chochote, na kengele zangu zinalia kama sufuria zinazooshwa."

Nakala niliyohariria filamu niliifuta zamani, kwa hiyo nikatoa diski kabatini, nikaurudisha mradi wa zamani kwenye kompyuta. Ulifunguka vizuri ajabu. Hakuna alama nyekundu hata moja, kila picha ilipata faili lake. Nikabonyeza pale palipoandikwa "Minko, kupatanisha sauti."

Mbuzi. Mbuzi wanakula majani makavu ya watu. Nikabonyeza kipande kinachofuata: mbuzi wengine, na mmoja anaikodolea macho kamera kama anayenidai.

"Dobrinka, hebu njoo uone."

Akaja, akavaa miwani, akatazama. "Huyu si Minko," akasema.

"Hata mimi nimegundua, dada yangu."

"Usinifanyie mzaha!"

Kesho yake alileta diski ya kwake, inanuka kabichi. Tukaifungua. Mbuzi walewale. Akazilinganisha nakala mbili kwa programu yake, faili kwa faili, na zikafanana bila tofauti hata moja. Akavua miwani. "Nakala zangu ni safi. Basi mtu alifuta kadi kabla sijainakili, akapiga mbuzi juu ya mzee wa watu. Na mpiga picha alikuwa mmoja tu."

Stoil aliitwa. Ni mtu wa utani mwingi na usingizi mwingi, ana miaka hamsini na minne na goti bovu. Aliposikia, utani wote ulimkauka mdomoni.

"Mimi nifute kadi ya Minko? Mimi?"

"Haina kibanio," Dobrinka akasema.

"Miaka tisa imepita, kibanio utakiona wapi! Mzee nilimpiga kadi ya kwanza. Mbuzi nilipiga kesho yake, kadi ya pili. Nilikupa zote mbili mkononi, wewe mwanamke!"

"Kama ulinipa zote mbili, mzee yuko wapi?"

Bosi wetu Lyuben alikuwa mlangoni anasikiliza. Lyuben tayari alikuwa na kinyongo naye, tangu siku ile Stoil alipoangusha miguu mitatu ya kamera mtoni. "Ijumaa tunakaa kikao," akasema. "Kama ni yeye aliyefuta, aage watu aende." Mkuki kwa nguruwe, bwana. Dobrinka alirudi kwenye kiti chake akanywa chai, na Stoil akabaki kwenye korido ananiuliza nani atamwajiri mpiga picha asiyeweza kupiga magoti.

Mimi niliona jambo likanikera. Kadi ya kamera haichambuliwi kama maharage. Inanakiliwa nzima na vifolda vyake vyote, hata vile vinavyoonekana vitupu, na kila kadi inawekwa kwenye folda yake peke yake, kwa sababu kamera ikiingiziwa kadi mpya inaanza kuhesabu faili upya, moja, mbili, tatu, na majina yanajirudia. Kwenye diski hii vifolda havikuwepo. Faili zote zilimwagwa mahali pamoja, rundo moja.

"Nani alizitoa hizi kwenye folda zake?" nikamuuliza.

"Stoil, nani mwingine?" Lakini alijibu akitazama dirishani, na Dobrinka huwa anakutazama usoni mpaka ujisikie mwizi.

Nikakumbuka. Mwaka ule alikuwa na mwezi mmoja tu kazini, na vifolda vile vitupu vilimtia wasiwasi. Alikuwa akisema mtu hawezi kuweka vyumba kumi vitupu ndani ya kadi bila kuwa na cha kuficha.

Alhamisi adhuhuri nilirudi mapema kutoka kula. Mlango umefungwa, na mlango wa chumba chetu haufungwi kamwe, kwa amri yake. Nikaingia. Kwenye kioo cha kompyuta yake palikuwa na kumbukumbu ya kunakili, lile faili ambalo programu inajiandikia yenyewe kila inachofanya. Aliponiona akaifunga haraka.

"Umerudi mapema," akasema.

"Nilikuwa na njaa kidogo tu."

Alipotoka kwenda posta, niliinuka kama mwizi, nami nakiri, nikainakili ile kumbukumbu kwenye flashi. Nikaisoma. Tarehe ya miaka tisa iliyopita. Jina la mtumiaji: Dobrinka. Kadi ya kwanza, faili kumi na tisa. Kisha kadi ya pili, faili ishirini, mahali palepale, na swali la mashine: faili lenye jina hili lipo tayari, libadilishwe? Jibu: ndiyo, kwa yote. Yeye mwenyewe, kwa kidole chake, aliwamwagia mbuzi juu ya Mzee Minko. Halafu akatengeneza nakala ya pili ya kosa lake, na zikalingana vizuri kabisa. Ndiyo maana wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako.

Sikumwambia kitu. Nilitaka kuona atafanya nini. Ijumaa asubuhi nilifungua diski, na kumbukumbu haikuwepo tena. Imefutwa! Damu ilinipanda. Nyoka huyu, nikasema moyoni, anamwacha mtu na goti lake apoteze kazi kwa kosa lake mwenyewe! Nikaingia kikaoni nimekamata flashi mfukoni, namsubiri adanganye.

Lyuben akafungua kikao. Kabla hajamaliza sentensi, Dobrinka akasimama. Alikuwa na karatasi mbili mkononi.

"Stoil hakufuta," akasema. "Ni mimi."

Akasoma kumbukumbu yote, mstari kwa mstari, mpaka lile "ndiyo, kwa yote." Kisha akasema, "Niliitoa kwenye diski jana nikaenda nayo nyumbani. Niliogopa mtu wa humu angenionea huruma akaifuta." Wakati huo alikuwa ananitazama mimi. Nilitazama meza. Niliona aibu ambayo sijaiona tangu nioe.

Hakukaa. Akachukua simu ya mezani pale pale mbele yetu, akampigia Rumyana. Tulisikia sauti ya binti ikiuliza kama imepatikana.

"Haikupatikana, mwanangu. Zipo zile sekunde arobaini tu. Nilimfuta baba yako mimi, kwa kutokujua."

Rumyana akasema, "Basi nitaendelea kugonga tu," akakata.

Lyuben alisafisha koo. Akasema Stoil hana kosa, anabaki kazini, na mambo ya Dobrinka yatazungumzwa wiki ijayo. Mimi nilidhani yamekwisha, nikaanza kuinuka. Stoil akabaki ameketi.

"Dada Dobrinka," akasema, bila ukali wowote. "Niambie kitu kimoja. Kama usingeikuta hiyo karatasi, ungeniacha nifukuzwe?"

Angeweza kusema hapana. Sote tulikuwa tunaingoja hiyo hapana, hata Lyuben. Dobrinka akavua miwani.

"Ndiyo," akasema. "Ningekuacha."

Stoil akatikisa kichwa polepole. Akachukua koti lake, akapita karibu naye bila kumgusa, na sote tukamsikia akishuka ngazi moja moja kwa lile goti lake.