Jicho la Mkunga

Mnataka niwaeleze habari za mdogo wangu, yule mchoraji? Haya, nitawaeleza, ila msinikatize, na msije mkaniambia eti nina kijicho. Ninacho. Ninacho tangu siku aliyozaliwa, mimi dada yake nikiwa na miaka saba nimesimama mlangoni, na wageni wote wakanipita bila hata salamu kwenda kumtazama yeye.

Baba yetu alikuwa mchora mabango: herufi za maduka, vichwa vya wateja kwenye kuta za vinyozi, meno makubwa meupe kwa daktari wa meno. Mimi ndiye niliyemshikia ngazi. Mimi ndiye niliyeosha brashi kwa mafuta ya taa mpaka vidole vikapasuka. Mdogo wangu alikuja baadaye, mambo yameshanyooka, akachora kuku siku ya kwanza, na baba akamwita jirani aje aone. Kuku jamani! Mimi nilikuwa nimemaliza wiki tatu na uso wa mwalimu mkuu, na hakuna jirani aliyeitwa.

Baba alipofariki alituachia chumba cha kazi, kimoja, chenye dirisha moja. Nilichora mstari wa chaki sakafuni: huku kwangu, kule kwake. Dirisha nikaliacha kwangu. Hakulalamika, na hilo nalo liliniudhi.

Mimi nikabaki na rangi ya mafuta na turubai, kama nilivyofundishwa. Yeye alikuwa hatulii. Mara anapaka rangi kwa kitana kilichovunjika meno. Mara anachora nyuso za zambarau, ukimuuliza kwani huyu mtu anaumwa nini, anacheka. Mara anakatakata magazeti na kuyabandika, chumba kizima gundi. Kila mwezi ana staili mpya, na kila mwezi kuna mtu anakuja kupiga picha. Kisha akanunua tableti na kalamu yake ya plastiki, na hapo ndipo akanimaliza kabisa. Hana rangi mkononi, hana harufu nguoni, anakaa kwenye kiti changu cha zamani anasugua kioo, na picha inatoka. Majirani wakambandika jina la Kidole, na likamkaa. Watu walikuwa wakija kwangu, kwangu mimi fundi wa miaka ishirini na mitano, wananiuliza, "Samahani, Kidole yupo?"

"Hayupo," nilikuwa nawajibu, naye yupo pale nyuma ya kabati.

Sasa, hospitali ya wazazi ya mtaani kwetu ilikuwa na mkunga mmoja aliyekuwa anastaafu. Walitaka uso wake uchorwe ukutani penye lango, mkubwa, urefu wa ghorofa moja. Wakatuita mimi na mdogo wangu: kila mmoja alete picha, wao wachague moja, mwenye picha ndiye apewe ukuta. Mimi sijawahi kuchora ukuta mkubwa namna ile. Mabango, ndiyo. Milango, ndiyo. Lakini uso wa mtu kwenye ukuta mzima, mahali ambapo kila mtoto anayezaliwa atapitishwa chini yake, hilo nililitamani tangu nikiwa nashika ngazi. Niliutaka ule ukuta mpaka chakula kikanishinda.

Tulikwenda wote wawili kumtazama mkunga nyumbani kwake. Alikaa kwenye kigoda, mikono imelowa sabuni.

"Nichoreni upesi wanangu, nina nguo kwenye beseni."

Uso wake haukuwa na taabu, isipokuwa jicho moja. Jicho la kulia lilikuwa limelegea kidogo, kope la juu limeshuka, na bado lilikuwa linakuona kuliko lile zima. Nikajua hapo ndipo kazi ilipo.

Mimi yangu nilimaliza kwa siku nane. Ilikuwa nzuri. Ilikuwa safi. Nilijua moyoni imepoa, lakini ningemwambia nani? Kidole naye alihangaika, anafuta, anachora, anafuta. Asubuhi moja akapigiwa simu kuwa mwanawe ameanguka shuleni, akatoka mbio, tableti akaiacha mezani inawaka.

Nikavuka mstari wa chaki.

Nilitazama picha yake na roho ikaniuma, tena vibaya. Shavu lilikuwa na uhai. Mdomo ulikuwa unataka kukuambia uharakishe. Jicho la kulia tu ndilo lililokuwa bado limekufa. Nikaishika ile kalamu, nikachagua kahawia, na nikalipaka lile jicho lote, doa moja baya, kubwa, kama mtu amepigwa ngumi. Hayo nimeyafanya mimi, sijasukumwa na mtu. Nilisikia raha, labda kwa dakika moja.

Halafu mkono ukanisaliti. Nilikuwa naangalia lile doa nikaona kivuli cha chini ya kope kimekaa pale pale panapotakiwa. Nikasema ngoja nipunguze hapa tu. Nikapunguza. Nikatia weupe kidogo, si mweupe, wa kijivu. Nikashusha kope. Nilipokuja kuzinduka, mkunga alikuwa ananitazama. Jicho lile lilikuwa bora kuliko jicho lolote nililowahi kuchora, nalo lilikuwa kwenye picha ya mwenzangu.

Ningelifuta? Sikuweza. Isitoshe nilijipa moyo kuwa hatajua. Mimi ni mtu wa rangi ya mafuta; kwetu ukifunika umefunika, cha chini kimezikwa. Nikarudisha kalamu mahali pake, nikarudi upande wangu.

Kidole alirudi na mtoto aliyefungwa bandeji gotini. Akaichukua tableti, akaitazama muda mrefu sana. Mimi nikajitia naosha brashi. Akaizima, akaenda kumpikia mtoto uji.

Siku ya kuchagua tulikaa kwenye ukumbi wa hospitali, daktari mkuu mbele, wauguzi nyuma. Turubai langu likaoneshwa kwanza. "Nzuri," wakasema. "Nzuri sana." Mnaijua ile nzuri ya kumtoa mtu njiani. Picha ya Kidole ikaoneshwa ukutani kwa mashine, na wauguzi wa nyuma wakasimama. Muuguzi mmoja akasema taratibu, "Mama ananiangalia."

Nilitamani kupiga kelele kuwa hilo jicho ni langu.

"Ngojeni," Kidole akasema. "Tableti hii inarekodi kila mchoro tangu mwanzo. Niwaoneshe ilivyochorwa."

Nikautazama mlango. Ukutani picha ikaanza kujijenga yenyewe, mbio mbio: kichwa, shavu, mdomo. Kisha jicho, likachorwa na kufutwa, likachorwa na kufutwa, tena na tena. Kisha, mbele ya watu wote, lile doa.

Wauguzi wakacheka. "Hapo ulikasirika!"

Na doa likaanza kugeuka. Kivuli, kijivu, kope. Hawakucheka tena.

"Tangu kwenye doa siyo mimi," Kidole akasema. "Ni dada yangu."

Wakapiga makofi. Walinipigia mimi, nami nikasimama kuinamisha kichwa, kwa sababu ningefanya nini? Daktari mkuu akasema ukuta ni wetu wote wawili, uso auchore Kidole, jicho nilichore mimi. Akasema ni jambo la kupendeza, ndugu kusaidiana namna hii.

Tulitoka nje. Kidole alisimama chini ya ule ukuta mtupu, akanigeukia, macho yamemwiva.

"Ulikuja kuniharibia."

"Ndiyo."

"Mbona hukuharibu?"

"Nilishindwa."

"Nimelichora lile jicho mara arobaini na moja, dada. Nimehesabu. Usiku silali. Wewe umekuja na hasira zako, na kalamu ambayo hujawahi hata kuishika, umelipata kwa dakika tisa." Akauegemea ukuta. "Unafikiri kwa nini kila mwezi natafuta staili mpya? Nitachoraje kama wewe, na wewe umekaa pale pale dirishani unanionesha kila siku kuwa siwezi? Bora ungeliharibu tu."

Akaanza kulia, mdogo wangu, ambaye jirani aliitwa kuja kumwona. Nilipaswa kumshika bega. Dada yeyote angemshika. Nilisimama pale na mikono yangu miwili, nikatafuta huruma, nikatafuta hata aibu, na nilichokikuta ni furaha.