Sentensi Moja ya Mama Madeleine

Madeleine aliona picha yake gazetini, na chini ya picha maneno ambayo mdomo wake haukuwahi kuyatamka.

Cha ajabu, aliyeyatamka ni jirani yake.

Ilikuwa 1961. Katanga imejitenga na Kongo, Lubumbashi bado inaitwa Elisabethville. Jirani huyo ni Symphorien Kapya, karani, mkazi wa mtaa wa Kamalondo, mtu wa hapahapa, Kifaransa kimenyooka kama suruali zake.

Kazi zilikuwa zimesimama. Basi alipokuja mwandishi wa gazeti la Ulaya anatafuta mkalimani, Symphorien akaidaka kazi kwa mikono miwili.

Mwandishi alitaka kujua kwa nini maelfu ya watu wenye asili ya Kasai wamekimbia nyumba zao, wakalala kwenye mahema chini ya ulinzi wa askari wa ONU, yaani Umoja wa Mataifa.

Alitaka kujua, eti. Jibu alikuwa nalo tangu kwenye ndege: makabila haya yamechukiana tangu enzi za mababu.

Ukingoni mwa kambi wakamkuta Madeleine, mimba imeanza kuonekana. Symphorien akashtuka. Yeye na huyu wametoka mtaa mmoja. Mumewe Kabwe, fundi cherehani, ni mwenyeji wa huku, kwa hiyo yeye hakufukuzwa; Madeleine ndiye mwenye asili ya Kasai.

Madeleine akaongea kwa utulivu, kwa Kiswahili cha mjini.

"Baba yangu alikuya huku juu kazi ya reli ilimuita. Mi nilizaliwa Kamalondo. Kasai sijaionaka hata siku moja. Siku tulifukuzwa, jirani, muntu wa huku, alinificha ku chumba yake. Bale balitufukuza balikuya na lori, hatukubajua. Sisi na majirani tulikuwa bantu ba lupango moja, kiwanja moja. Iko hii politique ndiyo ilituita bageni."

Mwandishi akageuka. "Anasema nini?"

Symphorien akamtupia jicho dereva. Dereva aliletwa na wakubwa wa serikali ya Katanga. Ameegemea gari, anavuta sigara, masikio yote huku. Neno moja tu likimchoma, kesho Symphorien naye ataitwa rafiki wa Wakasai.

"Anasema hawa watu hawajapatana tangu zamani," akajibu kwa Kifaransa. "Hatarudi kukaa nao."

Mama wa watu ameongea vile, kimetoka hicho.

Mwandishi hakuuliza hata kwa nini maneno marefu yamekuwa mafupi. Akaandika, akapiga picha, akafunga kalamu.

Madeleine akamtazama dereva. Aliwatazama tu wanavyoondoka.

Baada ya wiki kadhaa gazeti likafika. Kwenye baa moja ya Kamalondo mtu akalisoma kwa sauti. Vita vya kale vya makabila. Wavamizi kutoka Kasai. Kisha Madeleine: sitakaa tena na hawa watu.

Kabwe alikuwepo, na kaka zake. Kila Jumapili alikuwa akimpelekea mkewe unga na samaki wakavu.

"Umesikia muke wako?" kaka mmoja akamwambia.

Jumapili iliyofuata Kabwe hakwenda kambini. Wala ile nyingine.

Symphorien aliyaona yote hayo. Akikaribia cherehani ya Kabwe, anavuka barabara. Mara ajiambie mwongo ni yule mzungu. Mara ajiulize, ile sentensi ilitoka kinywani mwa nani?

Akasikia watu wa kambi wanarudishwa Kasai, hata wale ambao hawajawahi kuiona. Akaenda mbio. Madeleine alikuwa tayari juu ya lori, mzigo magotini, tumbo limekuwa kubwa.

"Mama Madeleine, siku ile sikutafsiri vizuri."

"Mi najua."

"Unajua nini?"

"Nilisoma kwa masista, yaya, kaka yangu. Kifaransa ninasikia. Nilisikia yote."

Symphorien akashika ubavu wa lori. "Sasa ulinyamaza kwa nini?"

"Niliona ule dereva. Nikasema ku moyo, nikikusahihisha, watakufunga. Uko na batoto."

Huyu mwanamke aliyefukuzwa kwake ndiye aliyemlinda.

"Nifanye nini, mama?"

"Enda kwa Kabwe. Umuambie yale nilisema. Yote."

Lori likaondoka.

Symphorien hakupitia nyumbani. Alisimama mbele ya cherehani, akasema kila kitu: reli, jirani, chumba, lori, dereva, na uoga wake mwenyewe.

Kabwe alishona mpaka mshono ukaisha. Ndipo akainua kichwa.

"Yaya, mi nilijua tangu siku ya kwanza. Muke wangu namujua. Hayakuwa maneno yake."

"Basi kwa nini uliacha kwenda?"

"Bandugu yangu balisema nikienda tena, batachoma nyumba. Niliogopa. Nilikuwa natafuta sababu. Ile gazeti ikanipa."

Symphorien alitegemea kupigwa. Angepigwa, angepumua. Badala yake Kabwe akamsogezea kiti, wakakaa watu wawili wasioweza kutazamana.

Katanga iliporudishwa Kongo, Kabwe alisafiri hadi Kasai. Akamkuta Madeleine kwa mume mwingine, na binti mdogo mwenye paji la uso la Kabwe, anayemwita mwanaume yule tata, yaani baba. Akarudi peke yake.

Symphorien hakutafsiri tena kwa yeyote. Watu walidhani ni maringo.

Jamani, wageni wakituandika vibaya tukasirike, ni haki yetu. Ila tujue pia: uongo wa mbali haudumu mahali ambapo wenyeji hawauhitaji.